Leseni ya lori isitolewe kwa gari tupu

Mhariri,

Naomba nafasi niongee kuhusu hili suala la kupandisha daraja la leseni kwenda magari makubwa, maana kila lori likipinduka kwenye mteremko tunasoma maneno yaleyale, breki zilifeli, halafu mjadala unaishia hapo. Hakuna anayeuliza huyo dereva leseni ya gari kubwa aliipataje na alipimwa na gari gani.

Mimi ni dereva wa tela na nimekaa kiti cha pembeni na vijana wengi wakati wanaanza kazi. Wanakuja na leseni mkononi, halali kabisa, mtihani wamefaulu, ila ukiwauliza gari la mtihani lilikuwa limebeba nini wanakwambia hamna kitu, bodi tupu. Wamezunguka uwanjani, wakarudi rivasi katikati ya mapipa, wakaondokea kwenye kimlima bila gari kurudi nyuma, wakaingia barabarani kidogo, wakapewa daraja. Yaani unampima mtu kama anaweza kubeba gunia halafu unampa gunia lisilo na kitu ndani!

Gari tupu linadanganya sana. Linaondoka haraka, mlima linapanda bila kelele, ukikanyaga breki hata kidogo linashika, tena tairi za nyuma zinaweza kuburuza kwa sababu breki zile zimetengenezwa kwa ajili ya mzigo. Kijana anatoka hapo anaamini lori ni kama gari dogo ila refu, halafu siku ya kwanza kazini anapakiwa tani 25 mgongoni na kila alichozoea kinabadilika, na hajawahi kuonyeshwa na mtu.

Hizo breki zilizofeli tuziangalie vizuri, maana hapa ndo penye kiini. Breki ya kuegeshea ya lori la breki za upepo inafanya kazi kinyume na watu wengi wanavyodhani, ndani yake kuna springi kali inayofunga tairi yenyewe, na upepo kazi yake ni kuibana hiyo springi ili tairi ziwe huru. Upepo ukishuka mpaka karibu na 60 kwenye geji ya psi, yaani kipimo cha msukumo wa upepo, alamu inalia, ukiendelea kushuka zaidi ya hapo springi zinafunga zenyewe. Kwa hiyo lori linaloporomoka mlimani, mara nyingi upepo lilikuwa nao, kilichotokea ni breki kuungua. Dereva ameanza kushuka na gia kubwa, au mbaya zaidi amepiga frii, yaani ametoa gia gari likajiendea lenyewe, eti anabana mafuta, mguu haubanduki kwenye breki, drami, lile duara la chuma linalozunguka na tairi, inachemka, inapanuka na kujitenga na brekishu zinazotakiwa kuibana, harufu ya kuungua inaingia mpaka kwenye kabini, na akija kukanyaga mpaka mwisho gari halisikii. Hapo tena kurudisha gia ndogo hawezi, mwendo umeshakuwa mkubwa, gia inakataa kuingia na anabaki na frii mkononi.

Kinachotakiwa kinajulikana na madereva wote wazoefu. Unashusha gia kabla mteremko haujaanza, unawasha breki ya injini, ile inayoifanya injini yenyewe izuie mwendo, kama gari linayo, unaiacha injini ishike uzito, mwendo ukifika ule uliojiwekea unakanyaga breki mpaka uone umepungua kama kilomita 8 kwa saa, unaachia kabisa, ukipanda tena unarudia. Sasa niambieni, hicho kitu utamfundishaje mtu na bodi tupu? Hawezi kukisikia. Lazima asikie mzigo unavyomsukuma kwa nyuma.

Na siyo mteremko tu. Kuna kona, ambapo tairi za nyuma za tela hazifuati njia ya kichwa bali zinakata kwa ndani, na mwenye baiskeli aliyejipenyeza pembeni haonekani kwenye kioo. Kuna tanki lililojaa nusu, umeshafunga breki lakini mafuta ndani bado yanakuja mbele na yanalisukuma gari. Kuna kuunganisha tela, ambapo mtu anasikia mlio tu anaona imeshika, hashuki chini na tochi kuangalia kama loki ya kichwa imefunga kwenye pini ya tela. Mtu mwenye leseni ya tela ambaye hajawahi kulala chini ya tela kuangalia loki, mimi simpi ufunguo.

Wenzetu wa Umoja wa Ulaya wameliweka hili kwenye sheria, lori la mtihani wa daraja C linatakiwa lije na uzito halisi usiopungua kilo 10,000, na lenye tela, yaani CE, kilo 15,000, na dereva wa kazi anarudi darasani saa 35 kila baada ya miaka 5. Marekani tangu Februari 2022 anayetaka leseni ya gari kubwa kwa mara ya kwanza, au kupanda kutoka daraja lao la B, la lori lisilo na tela kubwa, kwenda A, la lori lenye tela, lazima kwanza afundishwe na mkufunzi aliyesajiliwa ndo aruhusiwe kufanya mtihani wa barabarani. Sisemi huko ajali hazipo, nasema angalau wamekubali kwamba uzito ni sehemu ya somo.

Najua shule za udereva zitasema gari lenye mzigo linakula mafuta na tairi. Ni kweli linakula. Lakini matofali ya zege au mifuko ya mchanga ukishapakia mara moja unatumia miezi na miezi, na mwanafunzi mwenyewe akielezwa anapata nini kwa hela yake ataelewa.

Ombi langu kwa wanaotunga masharti ya leseni, mtihani wa kupanda daraja ufanywe na gari lenye mzigo, kwenye mteremko wa kweli, na mkaguzi aangalie gia ilishushwa wapi, juu au katikati. Na nyie wenye magari, msimpe kijana tela lililojaa usiku wa kwanza akiwa peke yake kisa ana karatasi. Mimi nimeshuhudia kijana akiambiwa aende hivyohivyo, akikataa atatafutwa mwingine. Mpeni mzoefu wa kukaa naye mpaka huyo mzoefu mwenyewe aseme sasa anaweza.

Dereva wa tela, msomaji wako