Salfa Ndiyo Shahidi

Mwanangu,

Umeuliza utajuaje kama kiwingu kwenye picha zako za galaksi ya M33 ni mabaki ya supanova (mlipuko wa nyota) au ni gesi inayowashwa na nyota changa. Kwa macho hutajua. Vyote hung'aa kwa haidrojeni. Shahidi ni salfa.

Unahitaji picha tatu: ya haidrojeni (mstari wake, yaani rangi yake mahususi ya mwanga, uko nanomita 656.3), ya salfa (671.6 na 673.1), na ya mwanga wa nyota usio na mistari hiyo. Kabla hujaitoa hii ya tatu kwenye zile mbili, sawazisha ukali wa picha zote, la sivyo kila nyota itaacha pete, na pete hizo hufanana mno na unachokitafuta. Kisha gawa salfa kwa haidrojeni. Tangu wanaastronomia Mathewson na Clarke mwaka 1973, mpaka ni 0.4: juu yake ni mabaki, chini yake ni gesi ya nyota changa. Nyota kali huinyang'anya salfa elektroni mbili, mistari hii ikafifia. Nyuma ya wimbi la mshtuko la supanova gesi hupoa, na salfa iliyopoteza elektroni moja tu hujaa tele.

Hapa ndipo wengi huteleza. Kichujio cha haidrojeni mara nyingi hupitisha naitrojeni pia (654.8 na 658.3). Tuseme salfa ni 300 na "haidrojeni" 800: unapata 0.375, unakitupa. Kumbe 200 kati ya hizo 800 ni naitrojeni. Jibu sahihi ni 0.5, na umetupa mabaki halisi! Kosa la pili huja kinyume: gesi hafifu iliyotapakaa galaksini nayo huweza kuvuka 0.4. Pima anga inayokizunguka kiwingu, uitoe kwanza.

Galaksi ya M83, iliyo mbali zaidi, ni ngumu zaidi. Sekunde moja ya tao (1/3600 ya digrii angani), ambayo M33 ni miaka nuru 13 hivi, kule ni kama 73, kwa hiyo mabaki machanga huonekana nukta tu. Huko itakufaa darubini ya angani ya James Webb, na baadaye darubini ya ELT yenye kioo cha mita 39 inayojengwa Chile. Tafuta mstari wa chuma wa mikroni 1.644: mshtuko husaga vumbi na kukiachia chuma kilichofungwa humo, na infraredi hupenya vumbi linaloficha mengine.

Nitumie jedwali ukishatoa naitrojeni. Viwingu vya 0.35 usivifute, viombee spektra (mwanga uliotawanywa rangi kwa rangi).

Mama yako