Kwako mdogo wangu, baada ya ngome ya Schlaining

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, kwa hiyo nakuandikia hapa. Usiposoma wewe, atasoma jirani akufikishie.

Juzi nimerudi kutoka Stadtschlaining, mji mdogo wa Austria ulio karibu na mpaka wa Hungaria. Ngome yake imetajwa katika maandishi tangu mwaka 1271, na leo ndani yake kuna makumbusho pamoja na kituo cha mafunzo ya amani, ambacho mwaka 1995 kilipewa tuzo ya UNESCO ya elimu ya amani. Najua unacheka: mimi, kusomea usuluhishi!

Katika karne ya 15 bwana wa ngome hiyo alikuwa Andreas Baumkircher, ambaye mwaka 1452 alisifiwa kwa kulinda lango la mji wa Wiener Neustadt dhidi ya maadui wa kaisari Friedrich III. Baadaye wawili hao waligombana kwa sababu ya madeni, Baumkircher akaasi, na mwezi wa Aprili 1471 akaitwa mjini Graz kwa mazungumzo, akiwa ameahidiwa kwenda na kurudi salama. Alikatwa kichwa siku ileile. Inasimuliwa kwamba ahadi ilikuwa na mwisho, kengele ya jioni, na kwamba walimchelewesha kwa maneno matupu mpaka ikalia. Wenzangu waliguna, mimi niliinamisha macho nikalitazama handaki chini ya daraja.

Unajua kwa nini. Siku ya arobaini ya mama nilikupigia nikasema, njoo tule pamoja, nyumba haitatajwa. Ukaja na mkate wa sinia bado wa moto, ukawakuta wazee wanne ukumbini, karatasi mezani na kalamu imeshafunguliwa. Hukuwatazama wao, ulinitazama mimi. Kisha ukatoka bila kugusa kikombe, na chai yako ya maziwa ikaota utando, ikakaa pale hadi magharibi kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuiondoa.

Lakini nawe ulikosa. Mtu mzima haondoki mbele ya wazee bila kuaga. Mama nilimuuguza mimi miaka mitatu, kodi ya kiwanja nimelipa mimi, nawe ulikuwa ukija sikukuu hadi sikukuu. Jambo lile lilihitaji kumalizwa, na ningekuambia ukweli usingekuja. Isitoshe, mimi sikuitaja nyumba. Walioitaja ni wazee.

Hata mimi, nikiisoma sentensi hiyo, naisikia kengele.

Mkate tuliula kesho yake. Hiliki ilizidi kidogo, kama alivyokuwa akiizidisha mama. Sinia lako nimelisugua, lipo jikoni kwangu. Nikimpa mtu akuletee utadhani nimekukata kabisa, basi nimeliacha hapo ulifuate mwenyewe, siku yoyote na saa yoyote, na humu ndani utanikuta mimi peke yangu.

Kaka yako