CD ya Linux haiwaki, au imewaka bila sauti? Anza na diski yenyewe

Mteja anaingia na laptopu kwapani na CD mkononi, ya kuwashia Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows) bila kuisakinisha. "Mashine yangu inakataa Linux." Tunaitia ile CD kwenye kompyuta nyingine, tunaifungua, na ndani mna faili moja tu lenye jina linaloishia na .iso. Mashine ya watu haikukataa kitu. Haikupewa cha kuwasha.

Faili la ISO ni picha ya CD nzima. Ukilinakili kama unavyonakili wimbo, litabaki faili tu. Kwenye programu ya kuchomea, chagua kuchoma picha ya diski. Kazi ikifanyika sawasawa, ukiifungua CD utakuta folda kadhaa, mara nyingi mojawapo ikiitwa boot, isolinux au EFI. Kabla ya kuchoma, pima faili kwa sha256sum (amri inayokokotoa alama ya kutambulisha faili), kisha ulinganishe zile herufi na tarakimu 64 na zilizoandikwa mahali ulipopakulia. Ikipishana hata moja, pakua upya. Choma kwa kasi ndogo, na angalia ukubwa: CD ya kawaida inabeba MB 700, na Linux nyingi za siku hizi hazienei humo. Tumia DVD.

Diski ni nzima lakini mashine inakwenda moja kwa moja Windows? Izime, iwashe, na papo hapo bonyeza kitufe cha menyu ya kuwashia. Mara nyingi ni F12, F9 au Esc, kutegemea aliyeitengeneza. Ikigoma bado, huenda ni Secure Boot (kinga ya mashine inayowasha mifumo yenye sahihi tu), maana si kila Linux ina sahihi inayokubalika hapo. Unaweza kuizima, ila kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker (kufuli ya Windows ya kulinda data), hakikisha kwanza unao ufunguo wa kurejesha. Bila huo unaweza kujifungia nje ya mafaili yako mwenyewe.

Menyu ya Linux ikitokea kisha skrini ikawa nyeusi, tunashuku kadi ya picha. Kwenye menyu ya GRUB (programu inayowasha Linux) bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, ongeza nomodeset mwishoni, halafu bonyeza F10. Lakini ukiona mistari ya I/O error inayotaja sr0, acha kuhangaika na maneno hayo. sr0 ndicho kisomeo chako cha CD. Futa diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, au choma nyingine.

Sasa sauti, ambayo ndiyo huwakatisha watu tamaa. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike alsamixer. Bonyeza F6 uchague kadi halisi, kwa sababu ile inayotokea kwanza mara nyingi si kadi yenyewe. Tazama chini ya nguzo za Master, Speaker na PCM. Ukiona MM, nguzo hiyo imenyamazishwa. Simama juu yake kwa mishale, bonyeza M, na MM itageuka 00. Ipandishe. Kisha jaribu speaker-test -c 2. Ukisikia mvumo kushoto halafu kulia, kadi haina kosa. Tumeshaona watu waliokwisha kununua spika mpya kwa sababu ya herufi mbili hizo.

Kimya bado? Angalia kama sauti haipelekwi HDMI, yaani kwenye skrini ya nje. Kama mipangilio ya sauti inaonyesha Dummy Output pekee, Linux haijaiona kadi. Laptopu mpya na diski ya miaka mingi iliyopita hazielewani. Chukua toleo jipya. Sauti ikikatika kila CD inapozunguka, jaribu kuongeza toram kwenye ule mstari wa kuwashia, kwa Linux zinazoikubali, ili mfumo wote uhamie kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine). RAM lazima iizidi diski kwa ukubwa.

Usishangae kesho MM ikirudi. CD haiandikiki, kwa hiyo uliyorekebisha yalikaa kwenye RAM na yamefutika ulipozima.

Ukiamua kutuletea, njoo na CD ileile iliyogoma, picha ya skrini uliyoipiga kwa simu, na matokeo ya amri aplay -l (inayoorodhesha kadi za sauti) kama ulifika huko. Tafadhali usiitupe CD mbovu. Hiyo ndiyo tunayoanza nayo.