Kabla hujamfokea Salim

Tanga,
Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata Ijumaa, nikaisoma nimesimama jikoni, nikacheka mpaka uji ukafurika. Unisamehe, najua mwenzangu ulikuwa huna hata chembe ya kicheko. Mwanao Salim kakuandikia shairi kutoka bwenini, umelia, umewasomea majirani wote wa uani, halafu usiku unapekua vitabu vya marehemu baba yako unakuta ubeti wa mwisho una kipande cha shairi la mtu mwingine. "Nimezaa mwizi wa maneno," umeniandikia. Haya, kaa nikupe habari ya kijana mmoja, ndipo upige simu.

Anaitwa John Gillespie Magee. Alizaliwa Shanghai mwaka 1922, baba mmishenari wa Kimarekani, mama Mwingereza. (Huyo baba ndiye aliyebaki Nanjing, huko China, mwaka 1937 Wajapani walipoingia, akayapiga picha za filamu mauaji ya raia kwa kamera yake. Ukoo wa watu wa kuona na kuandika, basi.) Mtoto akapelekwa shule ya Rugby, Uingereza, na huko akapagawa na Rupert Brooke, mshairi aliyesoma shule hiyohiyo miaka mingi nyuma, akafa mwaka 1915 akiwa njiani kwenda vitani, akazikwa kisiwa cha Skyros. Magee akaandika soneti, shairi la mistari kumi na minne, ya kumsifu. Akaishinda ile tuzo ya ushairi ya shule ambayo Brooke naye aliwahi kuishinda. Unawajua vijana wa namna hiyo, tumewafundisha: akimpenda mshairi atataka hata kuchana nywele kama yeye.

Vita Kuu ya Pili ilimkuta Marekani. Akapata nafasi Chuo Kikuu cha Yale, akaiacha. Marekani ilikuwa haijaingia vitani, kwa hiyo akavuka kwenda Kanada na kujiunga na jeshi lao la anga, Oktoba 1940. Mwaka uliofuata yuko Uingereza anarusha Spitfire, ndege ya kivita, umri miaka 19. Tarehe 3 Septemba 1941 akawaandikia wazazi wake barua ya kawaida ya mtoto aliye mbali, na ndani akawawekea shairi la mistari kumi na minne. Akawaambia lilimjia akiwa futi 30,000 juu, akalimaliza muda mfupi baada ya kutua. Futi 30,000, Mwanaidi! Kilimanjaro haifiki hata 20,000.

Shairi linaanza na mtu aliyeponyoka pingu za ardhi iliyonuna. Linaishia hapa, kwa tafsiri yangu ya kuombea radhi:

"Nikanyoosha mkono, nikagusa Uso wa Mungu."

Umeona uzuri wake? Haya sasa. Mwaka 1938 kilitoka kitabu cha mashairi ya watu wa kuruka angani, kinaitwa Icarus, kilichokusanywa na mwalimu mmoja wa chuo cha jeshi la anga cha Cranwell akisaidiwa na wanafunzi watatu. Humo kuna shairi la Cuthbert Hicks, nalo linaishia hivi: nimecheza katika mitaa ya mbinguni, nikagusa uso wa Mungu.

Ndiyo. Maneno yaleyale, na mahali palepale pa kumalizia. Wala si hayo tu, wachambuzi wameokota vipande vingine vinavyofanana na vya washairi wengine wa mambo ya kuruka.

Ningekuwa mkali kama wewe ningesema mwizi. Lakini hebu tazama. Shairi la Hicks msemaji wake ni kipofu aliyepandishwa ndege. Kwa kipofu, kugusa ndiko kuona. Ule mguso ni haki yake. Magee ana macho, tena macho ya rubani wa kivita, yuko ndani ya kioo na mikono yote miwili ina kazi. Yeye akaongeza kitu kimoja: mkono unaonyooshwa. Kile kipande cha Hicks kikawa na mtu mpya ndani yake. Sisi wa pwani tungeshangaa nini? Sayyid Abdallah bin Nasir alichukua beti za Liyongo, kila mishororo miwili akaitia mitatu yake, tukaiita takhmisi na tukamshukuru. Tofauti ni kwamba yeye tunajua alichokichukua na alikochukua.

Hapo ndipo unapoweza kumbana Magee, kwamba hakutaja. Lakini angemtajia nani? Alikuwa hampelekei mhariri. Alikuwa anawaandikia baba na mama. Mimi nadhani barua ile ndiyo ilikuwa njia yake ya kuwaambia, "Tazameni ninachosoma huku," na kijana wa miaka 19 hasemi hivyo kwa orodha ya vitabu, anasema kwa kukitema kile alichokimeza. Nafasi ya kueleza hakuipata. Tarehe 11 Desemba 1941 alikuwa anashuka kutoka mawinguni juu ya Lincolnshire, akagongana na ndege ya mafunzo. Aliruka, lakini alikuwa chini mno, mwavuli haukuwahi kufunguka. Ile ndege nyingine ilitoka Cranwell, kulekule kilikotoka kile kitabu. Aliyekuwa akiirusha naye alikufa, naye alikuwa na miaka 19.

Kilichofuata si kazi yake tena. Baba mtu, ambaye wakati huo alikuwa akihudumu kanisani Washington, alilitoa likachapwa katika majarida ya kanisa, na Februari 1942 Archibald MacLeish, mshairi aliyekuwa mkuu wa Maktaba ya Bunge la Marekani, akaliweka kwenye maonyesho ya mashairi ya imani na uhuru. Mwaka 1986 chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka na watu saba ndani, Rais Reagan wa Marekani aliwaaga kwa mwanzo na mwisho wa shairi hilo. Yaani maneno ya Hicks yamefika kinywani mwa rais kwa kupitia bahasha ya mtoto kwa mama yake, na Hicks mwenyewe leo nani anamjua?

Kwa hiyo simu piga, lakini usianze na neno mwizi. Muulize kitabu kile alikisoma wapi, na alifika ukurasa gani. Ukisikia anataka kulipeleka gazetini au redioni, hapo mwambie wazi amtaje mwenye maneno, asione haya. Kwa barua ya kwa mama, mwache.

Ila kuna jambo limenikera kwako, shoga. Umeninukulia kile kipande cha kuibwa peke yake, umekipigia na mistari miwili chini. Mishororo mitatu iliyotangulia, ambayo ni ya Salim mwenyewe, hukuniandikia hata neno. Nami nitajuaje kama amenyoosha mkono? Nitumie ubeti mzima.

Wako,
Zainabu

Yule kijana wa basi anarudi Alhamisi, mpe bahasha. Na chupa zangu mbili za achari usizisahau.