Risala ya wafugaji wa Konde kwa Mgeni Rasmi, siku ya chanjo ya ng'ombe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Masheha mliohudhuria, daktari wetu wa mifugo, viongozi wa dini, wafugaji wenzetu, mabibi na mabwana,

Assalaam alaykum.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujaalia uzima na kutukutanisha hapa Konde, Pemba. Pili tunakushukuru wewe Mheshimiwa kwa kuupokea mwaliko wetu na, zaidi ya hapo, kwa kuja mwenyewe. Baadhi ya wageni tuliowaalika miaka iliyopita walileta wawakilishi, na wawakilishi wakatuahidi kwamba salamu zetu zitafika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia ya kikundi chetu ni fupi. Kilianza kwa majirani wachache waliochangiana bomba moja la kunyunyizia dawa ya kupe. Leo kina katiba, akaunti ya benki na mabomba mawili.

Mafanikio ni makubwa. Tumeshiriki maonesho ya Siku ya Chakula Duniani pale Chamanangwe, ambako ng'ombe wetu wa maziwa alitazamwa na watu wengi sana, wakiwemo viongozi. Vijana wetu wameacha kukaa vijiweni, au angalau wameongeza saa chache za kukaa bandani. Kila mwanachama anaijua ratiba ya afya ya mifugo kwa kichwa, na hata watoto wa skuli wanaweza kukusomea.

Ratiba hiyo tumeibandika ukutani, utaiona. Kupe ni kila wiki wakati wa mvua, minyoo kila miezi 3. Chanjo ya chambavu, ugonjwa wa kuvimba misuli, ni mara moja kwa mwaka, kabla masika hayajaingia. Mapele ngozi kila mwaka. Chanjo ya ugonjwa wa kutupa mimba huchomwa ndama jike wa miezi 3 hadi 8, mara moja tu, wala hachomwi dume wala ng'ombe mwenye mimba. Ugonjwa wa midomo na miguu unataka sindano mbili za mwanzo zilizopishana kiasi cha mwezi, kisha marudio kila miezi 6. Punda wa gari wana sindano yao ya pepopunda. Farasi hatunao, ingawa fomu tuliyoletewa ilituuliza idadi yao na tukaijaza kwa adabu zote: sifuri.

Yaliyo ndani ya uwezo wetu tunayatekeleza. Kupe tunanyunyizia, minyoo tunanywesha. Yanayotushinda, Mheshimiwa, ni yale yanayotaka baridi, na hapa ndipo tunapokuomba utusikilize kidogo.

Chanjo nyingi hukaa katika nyuzijoto 2 hadi 8. Zetu hutoka Chake Chake kwa bodaboda, ndani ya boksi lililotiwa barafu ya kununua kwa wauza samaki. Mtu anaweza kusema barafu ikizidi ndiyo salama. Sivyo. Chanjo ya chambavu na ile ya midomo na miguu zikiganda zinaharibika, na kwa macho ya mfugaji chupa ni ile ile. Ng'ombe anachomwa, mwenyewe analipa, kinga haipo. Halafu chanjo za mapele ngozi na kutupa mimba ni unga unaochanganywa na maji yake. Ukishachanganya, chupa imalizwe ndani ya saa chache, haiwekwi mpaka kesho. Chupa moja inatosha makumi ya ng'ombe, na mwanachama wetu ana wawili au watatu, amewafunga malishoni kila mmoja upande wake. Kwa hiyo lazima waletwe wote siku moja. Na siku hiyo haipangwi na sisi, inapangwa na usafiri.

Tumetangaza msikitini baada ya sala ya Isha kwamba chanjo ni kesho. Watu wakaacha mashamba, wakakokota ng'ombe tangu alfajiri, na saa nne ikapigwa simu kwamba dawa haijavuka kutoka Unguja. Safari inayofuata ukitangaza, wanakuja nusu. Hatuwalaumu.

Matokeo yake tuliyaona masika yaliyopita. Chambavu huchagua ng'ombe kijana aliyenona, na sisi tulikuwa na madume yaliyokuwa yakilishwa kwa ajili ya mchezo wa ng'ombe. Dume jioni alichechemea, kila mtu akasema kajikwaa kwenye jiwe. Usiku paja likavimba, ukilibonyeza linakwaruza ndani kama lina hewa. Kabla ya adhuhuri tulikuwa tunatafuta majembe. Wa pili akafuata wiki hiyo hiyo. Sindano yao ilikuwa kwenye ratiba, tena imeandikwa kwa wino mwekundu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wetu wanakumbuka jinsi Unguja ilivyotangazwa mwaka 1997 kuwa imeondokana na ndorobo, yaani mbung'o. Sisi Pemba hatukuwa nao, lakini somo tulilichukua: ndege ziliachia madume tasa wiki kwa wiki mpaka mdudu akamalizika, bila ya kungoja bodaboda.

Ombi letu ni moja: friji la kuhifadhia chanjo.

Umeme upo, kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga imetufikia tangu 2010. Chumba kipo pia, tumekijenga kwa matofali yetu, kina dirisha la nondo na soketi ukutani. Ahadi ya kwanza ya friji ilitolewa kwenye jukwaa kama hili na tukaipigia makofi. Ahadi ya pili ilikuja pamoja na fundi, akapima mlango, akasema ni mwembamba. Tukauvunja tukaupanua. Hatumtaji mtu na hatuna kinyongo na mtu. Tunachosema ni kwamba mlango sasa ni mpana, na ndani tumeweka magunia ya pumba.

Tunaomba friji la chanjo lenye kipimajoto. Friji la soda, ambalo pia tuliwahi kuahidiwa, huganda kwa nyuma na kupata joto kila mlango ukifunguliwa. Bili ya umeme tutalipa sisi na daftari la joto tutaliandika asubuhi na jioni. Chanjo ya ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, hatuiombi ikae hapa, kwani ile hulala katika naitrojeni ya maji, nyuzijoto 196 chini ya sifuri, na mpaka wetu tunaujua. Hiyo daktari apite nayo, nasi tutamletea ndama.

Tungependa pia, kwa heshima zote, jibu la leo liwe na tarehe. Katibu ameshika kalamu.

Ufunguo wa chumba anao mweka hazina, yule aliyekaa mwisho wa safu ya mbele mwenye kofia ya vito. Ukipenda kukiona kabla ya chakula, Mheshimiwa, ni nyuma tu ya turubai hili, na magunia tumeshayasogeza ili upite.

Wabillahi tawfiq. Ahsante kwa kutusikiliza.