Heri ya Jamhuri, na kumbukumbu ya Mwalimu Micere

Ndugu zangu, mlio nyumbani na mlio ng'ambo, heri ya Siku ya Jamhuri. Mlio barabarani kuelekea mashambani wiki hii, Mungu awafikishe salama. Nanyi walimu, mliofunga shule na bado mnaandamwa na ripoti za muhula, pokeeni salamu za pekee, maana waraka huu ni wenu zaidi.

Tarehe 12 Desemba tumezoea kuitaja kwa mambo mawili: uhuru wa 1963 na jamhuri ya 1964. Mimi huongeza la tatu. Siku hiyo hiyo, mwaka 1942, huko Baricho, Kirinyaga, walimu wawili walijaliwa binti. Bendera ya Mwingereza iliposhushwa, binti huyo alikuwa anatimiza miaka 21. Ndiye Micere Githae Mugo, mwalimu, mshairi, mwandishi wa tamthilia, mkuu wa kitivo, mkimbizi, kisha mwalimu tena. Alituacha tarehe 30 Juni 2023, na tangu hapo kila Jamhuri inapowadia namkumbuka yeye kabla ya kulikumbuka gwaride.

Ukisoma maisha yake harakaharaka utadhani ni ya watu wanne. Alikuwa miongoni mwa wasichana Waafrika wa kwanza kupokewa katika shule iliyokuwa ya Wazungu pekee. Akaenda Makerere, akahitimu 1966, akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha New Brunswick, Kanada, 1973, akarudi kufundisha fasihi Nairobi. Huko ndiko alikochaguliwa kuwa mkuu wa kitivo, mwanamke wa kwanza nchini kushika cheo hicho. Ila mimi sioni watu wanne. Naona mtu mmoja aliyechukia kitu kimoja: watu kuketi kimya wakisemewa. Darasani alikikuta, jukwaani alikikuta, na serikalini ndiko alikokikuta kikiwa na polisi.

Jambo hilo linaonekana wazi zaidi katika tamthilia aliyoandika na Ngũgĩ wa Thiong'o kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, tamthilia ambayo baadhi yetu tuliisoma kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi. Kabla ya kuiandika walifunga safari hadi Karunaini, Nyeri, nyumbani kwa Kimathi, wakakaa na watu waliomjua. Wangeweza kurudi na hadithi za bunduki na msitu tu. Walirudi na mengine pia. Wanakijiji walimkumbuka Kimathi mwalimu wa shule, kijana aliyeanzisha kikundi cha maigizo akakiita Gichamu. Sijui kwa nini jambo hili halisemwi katika hotuba za Siku ya Mashujaa. Mtu ambaye wakoloni walimnyonga katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957 wakimwita gaidi alikuwa, kabla ya yote hayo, mwalimu anayewapangia vijana nani aigize nini. Micere, naye mwalimu wa kuigiza na mtoto wa walimu, bila shaka alimtambua haraka.

Na tazama alivyowapanga wahusika. Kimathi yuko kizimbani, lakini anayeisukuma hadithi ni Mwanamke asiye na jina, mwenye bunduki iliyofichwa ndani ya mkate. Yuko Mvulana na yuko Msichana, watoto wa mtaani wanaoanza kwa kugombania pesa za mtalii na kuishia mahakamani wakiwa upande mmoja. Msichana habebwi na mtu. Nimeona vikundi vya shule vikimpa nafasi hiyo mtoto mpole ili asiwe na kelele. Ni kosa, anatakiwa mkaidi.

Mchezo huo ulipanda jukwaani Oktoba 1976, miaka 20 baada ya mwezi ambao Kimathi alikamatwa, katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo, Nairobi. Kitaifa kwa jina. Nchi ilikuwa na uhuru wa karibu miaka 13, na bado wasimamizi wa ukumbi waliona michezo ya kigeni ndiyo yenye haki ya tarehe nzuri. Mchezo wa Kimathi na ule wa mwandishi mwingine, Francis Imbuga, yote miwili ikiwa imechaguliwa kuiwakilisha Kenya kwenye FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa Waafrika, huko Lagos mwaka 1977, ilimegewa siku chache za kugawana. Watu wakajaa hata hivyo. Waigizaji walipoteremka kwa wimbo wa mwisho wakapita katikati ya viti, watazamaji waliinuka wakajiunga nao, wakatoka nje bado wakiimba na kucheza, mbele ya Hoteli ya Norfolk, ambako walowezi walizoea kunywa. Wengine watasema ni msisimko wa usiku mmoja. Mimi nasema pale ndipo kazi ya Micere ilipokamilika, maana hakuna aliyebaki kuwa mtazamaji.

Mambo ya namna hiyo hayasahauliki kwa wenye mamlaka. Mwaka 1982 ulikuwa mbaya: Machi ukumbi wa maigizo wa wanakijiji wa Kamĩrĩthũ, Limuru, ulibomolewa, Juni tukawa nchi ya chama kimoja kwa sheria, Agosti likaja jaribio la mapinduzi na msako uliofuata. Micere akaondoka na binti zake wawili. Desemba ile alitimiza miaka 40 akiwa ugenini, huku nyumbani Jamhuri ikisherehekewa. Kisha serikali ikamvua uraia. Mtoto aliyezaliwa tarehe ya Jamhuri akaambiwa si wa Jamhuri. Leo Katiba ya 2010 inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine. Nikisoma kifungu hicho siwezi kukiona kama maneno matupu ya mawakili.

Zimbabwe ilimpa uraia na darasa. Akafundisha huko, kisha akahamia Marekani, na kuanzia 1993 hadi alipostaafu 2015 alikuwa Chuo Kikuu cha Syracuse, ambako chuo kilimtunukia uprofesa wa heshima kwa ubora wa ufundishaji. Mjini alisaidia kuwaunganisha Waafrika na watu wenye asili ya Afrika katika jumuiya moja. Aliposoma mashairi yake kwenye mikutano hakupenda watu wamsikilize wakiwa wamekunja mikono. Mlipewa kiitikio, na mlitarajiwa kukiitikia. Maprofesa wenye suti na tai waliitikia. Neno alilolirudia sana katika miaka yake ya mwisho ni utu.

Mwaka 2023 ulitunyang'anya wengi kwa mfululizo. Mwanzoni mwa Mei aliondoka Mukami, mjane wa Kimathi. Tarehe 31 Mei akaondoka Ama Ata Aidoo wa Ghana, naye mwalimu, mwandishi wa tamthilia na waziri wa elimu wa zamani. Mwezi mmoja baadaye, Micere. Ngũgĩ akawafuata Mei 2025. Vijana wanaoanza kuandika sasa hawana tena pa kupeleka swali. Wana vitabu, na wana sisi, Mungu awasaidie.

Lakini Desemba ina maigizo yake, na sikubali mtu aniambie jukwaa la jamii limekufa. Wiki hii makanisani watoto wanafanya mazoezi ya mchezo wa Krismasi. Mwalimu fulani wa shule ya Jumapili anaandika maneno kwenye daftari, fundi cherehani anashona mabawa ya malaika kwa kitambaa cha pazia, na kuna mzozo kuhusu nani awe Mariamu. Yusufu hana maneno mengi, kwa hiyo hupewa mtoto mwenye haya. Walimu hao hawalipwi, na wengi hawajui kwamba wanachokifanya kina historia ndefu katika nchi hii. Waambieni. Na mwaka huu jaribuni kumpa yule mtoto mwenye haya maneno mawili matatu zaidi.

Basi heri ya Jamhuri kwenu nyote. Krismasi njema kwa wanaoisherehekea, mapumziko mema kwa wasioisherehekea, na mwaka mpya wenye afya. Na kama kikundi chenu kina Mfalme Herode asiye na kanzu, mimi ninayo moja ya zambarau, imefuliwa tayari. Mje muichukue kabla ya Jumapili.