Idi, hela nitatuma ila nisikilize kwanza

Mdogo wangu Idi,

Salaam sana. Huku wazima, kazi zipo, baridi ndo hiyo ya kila mwaka, hayo tuyaache. Voisi yako nimeisikiliza yote mpaka pale ulipoanza kubishana na Ba'mdogo nyuma. Unataka hela ya msumeno wa meza, na kaka Sefu naye kaniandikia kivyake anataka hela ya msumeno wa meza, hivi mmekaa mkaongea kweli? Nyumba moja misumeno miwili, na ule wa marehemu mzee upo stoo umefunikwa turubai kisa ufunguo anao Ba'mdogo na hamna anayetaka kwenda kumuomba.

Hilo linaniuma kuliko hela yenyewe. Mzee alikuwa anaazimisha kila kitu, mtu akija anataka patasi anapewa, keshokutwa anairudisha imenolewa. Leo zinaota kutu kwa sababu mnagombania nani achukue randa nani achukue jiliwa, jiliwa bila benchi utaifanyia nini?

Mimi huku nipo karakana ya pamoja. Tunachanga kila mwezi, peke yetu wengi tusingeweza kununua hata mashine moja, ila kwa mchango tuna msumeno wa meza, mashine ya kukereza, ya kuchomelea, printa ya 3D, benchi za kutosha na mashine ya kunyonya vumbi. Msumeno mtu mmoja anautumia saa chache tu kwa mwezi, muda wote uliobaki umekaa unakula nafasi. Tena vingine hatukununua, fundi akistaafu anatuletea vya kwake, tunavikarabati wenyewe.

Na Ba'mdogo mwambie hivi, mwambie vizuri asikie: yule mtoto wa kike aliyekuwa anafukuzwa karakana eti atajikata, siku hizi ndo anafundisha watu msumeno wa meza. Mgeni hagusi swichi mpaka nimsainie. Namuonyesha kile kibati kinachosimama nyuma ya meno kuzuia mbao isibane ikamrukia tumboni, namuonyesha kijiti cha kusukumia ili vidole vikae mbali. Kwenye kukereza hamna glavu wala shati la mikono mirefu, ile mashine ikishika uzi inavuta na mkono. Matambara ya mafuta ya kitani hayarundikwi ovyo, yanapata joto yenyewe mpaka yanawaka, yanaingia kwenye debe la chuma lenye mfuniko. Na randa nailaza ubavu, makali yasiguse benchi, vile vile alivyokuwa anataka mzee, wageni wote nawafundisha hivyo na hawajui inatoka kwa nani. Siku nyingine nikiilaza nanyamaza kwanza ndo naendelea.

Usidhani naota. Berlin kuna c-base, karakana ya pamoja ya wapenda kompyuta na ufundi ya tangu 1995, inaendeshwa na wanachama wenyewe na mpaka leo ipo. Maktaba ya Berkeley kule California inaazimisha zana tangu 1979, unachukua drili kama unavyochukua kitabu. Ila TechShop ya Marekani iliyoanza 2006 kama kampuni, mashine za kila aina, Novemba 2017 ikatangaza kufilisika na matawi yake yote ya Marekani yakafungwa ghafla, hata waliolipa mbele wakabaki nje. Jengo kubwa la kukodi na mishahara vinakula michango mpaka basi. Sisi jengo la mzee tunalo Idi, kodi hatulipi!

Kwa hiyo hela nitatuma, ila situmi kwako wala kwa Sefu. Natuma ya beringi na mkanda wa msumeno wa mzee, waya mpya, na swichi ya kuzimia haraka, na zana zote zibaki za karakana. Atakayetumia achange kidogo, na wale vijana waliosoma ufundi hawana vifaa wakaribishwe, hao ndo wenye shida kweli. Kila zana ichoreni umbo lake ukutani ili ikikosekana ionekane. Kikiharibika kitu kifungwe kitambaa chekundu, na aliyekiharibu asigombezwe, mkimgombeza kesho atarudisha kimyakimya na wa pili ndo ataumia.

Ufunguo Ba'mdogo abaki nao, ndiye mkubwa, awe msimamizi ila asimzuie mtu. Nenda wewe ukaongee naye, usimtume Sefu, wakikutana hao itakuwa kama ile siku ya kugawana vitu. Mpe heshima yake, muombe afungue stoo, halafu nipigie ukiwa humo humo ndani nione msumeno umekaaje.

Mama mwambie Jumapili nitampigia. Na lile daftari la vipimo la mzee usimpe mtu yeyote, lipige picha kurasa zote unitumie, nazitaka zile hesabu zake za mlango wa mbao mbili.

Dada'ko